Mke wa Nyumba ya Bibi

Mimi na mdogo wangu, mabinti wawili, tulizaliwa katika nyumba isiyokuwa na baba, na tulishakuwa wakubwa kiasi kabla hatujajua kwamba hilo ni jambo la kuwaeleza watu. Mwenye mji alikuwa bibi. Mume wake alikufa mapema, akamwachia shamba pembezoni mwa Turwa, pale mji wa Tarime unapoishia na migomba inapoanza, pamoja na ng'ombe waliolala zizini mbele ya nyumba. Mtoto hakumwachia. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo ana njia yake. Anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa na binti huyo wanakuwa wa nyumba yake, wanabeba jina la marehemu mumewe. Tunaiita nyumba ntobhu. Bibi alipeleka ng'ombe Kerende, akarudi na mama yangu.

Mwanaume aliyetuzaa tulimjua kwa sura. Tukikutana naye mnadani tulimwamkia shikamoo kama tulivyomwamkia mtu mzima yeyote, naye aliitikia marahaba, akaendelea kukagua ng'ombe. Hakuna aliyetufundisha kumpenda wala kumchukia. Watu walipouliza sisi ni watoto wa nani, tulitaja jina la mume wa bibi, mtu aliyekufa kabla mama hajafika Turwa, na waulizaji waliridhika.

Bibi na mama waliishi kama watu wanavyoishi. Waligombana juu ya chumvi, juu ya kuni mbichi, juu ya jogoo aliyeuzwa bila bibi kuambiwa. Mama alimwita "mama". Bibi akimtambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ni mke wa nyumba yangu," kwa sauti ya mtu anayeonyesha kitu alichokipata kwa haki. Mwaka ambao mama aliugua malaria hadi akawa haongei, bibi alihamishia mkeka wake chini, kando ya kitanda cha mama, akakaa hapo mpaka homa ikaisha. Alipopona walirudi kugombana.

Nilipochaguliwa kusomea sheria chuo kikuu, bibi alitembea kwa jirani mmoja mmoja. "Mjukuu wangu anakwenda kusomea uhakimu."

"Sio uhakimu, bibi. Ni sheria."

"Kwani hakimu anasoma nini?"

Nilikwenda nikiwa na masanduku mawili na sweta la shule ya sekondari, kwa sababu sikuwa najua kwamba mji wa chuo ni wa joto. Mwaka wa kwanza ulipita nikihangaika na Kiingereza cha mahakama. Mwalimu akisema sentensi moja, mimi nilikuwa bado naitafsiri ya nyuma yake kichwani, kwanza kwa Kiswahili, na nyingine mpaka nizifikishe kwa Kikurya ndipo zinanikaa. Nilisoma sana. Nilizoea kukaa mstari wa pili kutoka mbele, upande wa dirishani.

Mwaka wa pili tukaanza somo la sheria ya familia. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Siku aliyofundisha maana ya ndoa alieleza kwamba sheria inataka mwanaume na mwanamke, inataka hiari yao, na inataka wakusudie kuishi pamoja maisha yao yote. Akaingia kwenye mifano ya vitu vinavyofanana na ndoa lakini sivyo. Wa mwisho ulikuwa wetu. Alilitamka jina vibaya kidogo, nikachelewa kulitambua.

Kijana mmoja nyuma akauliza, "Sasa mwalimu, hapo nani anakuwa mume?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akasema, "Mbele ya sheria, hapo hakuna mume wala mke. Hakuna ndoa." Niliandika kama wenzangu walivyoandika.

Rafiki yangu niliyekaa naye, msichana wa Mbeya, aliniegemea. "Hii si ya huko kwenu Mara?"

"Ndiyo."

"Ulishawahi kuwaona watu wa hivyo?"

"Nimewaona," nikamjibu, nikafungua ukurasa mpya.

Likizo ilipofika nilirudi Turwa. Siku ya pili au ya tatu tulikuwa tumekaa uani tunapukuchua maharage, bibi, mama na mimi. Bibi akataka kujua tunachofundishwa. Nikamweleza kuhusu wezi, kuhusu mikataba, kuhusu watu wanaogombea mipaka. Akauliza, "Na sisi? Hizo sheria zinatusema sisi?"

Nikamwambia ukweli. Sikuona namna nyingine, na hata sasa sioni. "Wanasema sio ndoa, bibi."

"Ni nini?"

"Hawasemi ni nini. Wanasema tu sio ndoa."

Bibi aliangua kicheko mpaka maharage yakamwagika kwenye khanga yake. "Sasa ng'ombe wangu walikwenda Kerende kufanya nini? Kusalimia?"

Mimi pia nilicheka. Mama hakucheka. Aliyaokota maharage yaliyomwagika, punje kwa punje, akayarudisha kwenye ungo, kisha akainuka akaenda kutazama moto ambao hata haukuwa umewashwa.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ule nilipangiwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika mahakama moja ya Mugumu, wilaya ya Serengeti. Kazi yangu ilikuwa kupanga majalada na kukaa nyuma ya chumba kusikiliza mashauri. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kiikoma, nikateka maji, nikapika, nikajifunza kunyamaza mbele ya hakimu. Asubuhi moja, nikiwa nimeshika rundo la majalada ya wizi wa mifugo, mdogo wangu alipiga simu. Alikuwa analia kwa namna ambayo sikuhitaji maneno. Bibi alikuwa ameanguka njiani akitoka kuchuma majani ya mboga, presha, na hakufika hospitali.

Niliondoka na nguo nilizokuwa nimevaa. Njia ya Nyamongo ilikuwa na vumbi, malori ya wachimbaji yakitupita, na tulipopita karibu na Kerende nilikumbuka kwamba huko ndiko ng'ombe walikopelekwa. Nilianza kulia hapo, mbele ya abiria wasionijua. Mzee aliyekaa pembeni yangu alinipa nafasi ya dirishani.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka barabarani. Mchungaji alipomaliza sala, aliitwa baba mkubwa asome wasifu wa marehemu. Huyu alikuwa mtoto wa shemeji yake bibi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu msafi na mtaratibu. Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka darasa la kwanza. Alivaa miwani, akasoma vizuri, na watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Alisoma bibi alizaliwa wapi, akaolewa na nani, akabatizwa lini. Kisha akasoma, "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto. Katika uzee wake alitunzwa na mwangalizi wake pamoja na watoto wa mwangalizi huyo."

Mama alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, karibu na jeneza. Hakuinua kichwa. Mdogo wangu alinishika mkono, akauliza kwa kunong'ona, "Mwangalizi ndiye nani?" Nikamwambia anyamaze.

Matanga yalipoisha, ukoo ulikaa kikao uani. Wanaume walikaa kwenye viti, sisi kwenye mkeka. Baba mkubwa hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alizungumza kama mtu anayemweleza mtoto hesabu.

"Mama yenu hatumfukuzi kama mbwa. Atavuna mahindi yake. Lakini shamba hili ni la ukoo. Nyumba haikupata kijana. Nyie ni mabinti, kesho mtaolewa, na shamba litakwenda kwa wakwe zenu."

Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya wanaume wa ukoo. Nikawaambia kwamba katiba inatutambua wote sawa, kwamba mahakama siku hizi hazikubali mtoto wa kike kunyimwa kwa sababu ni wa kike. Nilisema mengi. Mmoja wao alitikisa kichwa akamwambia mwenzake, "Mura, huyu mtoto amesoma," na sikujua kama ananisifu au ananidhihaki.

Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. "Wewe ndiye unayesoma sheria, mama. Sisi tunajua mila tu. Kwa mila, nyumba ya namna hii isiyo na kijana inarudi kwa ukoo. Sasa wewe tuambie, kwa hiyo sheria yako, mama yako ni nani katika mji huu?"

Wote wakanitazama. Jibu nilikuwa nalo, nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakaa chini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Baba mkubwa aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akamwandikia mama aondoke. Tulikaa mbele ya baraza la kata kusuluhishwa, usuluhishi ukashindikana, shauri likafunguliwa katika baraza la ardhi. Mwaka wa tatu wa chuo ulikuwa umeshaanza. Nikawa nasafiri kwa basi kila shauri linapoitwa, nasoma njiani na vitabu magotini, narudi na kuomba radhi kwa walimu.

Tulipata wakili wa kujitolea, kijana mwenye suti moja na moyo mzuri. Alimsikiliza mama kwa subira, kisha akaniita nje kwa sababu alijua nitamwelewa.

"Tukitaja ndoa tumekwisha," alisema. "Utasomwa ule ukurasa unaoujua, na mama yako atakuwa hana hadhi yoyote pale. Lakini tuna njia. Bibi alimchukua kama binti wa kumtunza. Akamkatia eneo la kulima. Amelilima miaka yote, amejenga jiko, amepanda kahawa, na bibi hakumzuia. Hapo anaweza kubaki na sehemu."

"Na ni kweli alimkatia eneo," nikasema.

"Basi tuseme hilo, tusiseme lingine."

Ulikuwa ushauri mzuri. Hata leo nikiupima nauona mzuri. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama, naye akasikiliza akimenya muhogo. Tukafanya mazoezi pale pale jikoni. Mimi nilikuwa wakili wa upande wa pili, mdogo wangu alikuwa mwenyekiti wa baraza, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mama, ulikuja katika mji ule kama nani?"

"Alinichukua nimsaidie."

"Ulikuwa unalipwa?"

"Hapana. Alinipa mahali pa kulima."

"Wapi?"

"Kuanzia kwenye mkaratusi mpaka kwenye mfereji."

"Vizuri," nikamwambia. "Vizuri sana, mama." Mdogo wangu alipiga meza ambayo haikuwepo akatangaza kwamba tumeshinda. Mama alitabasamu kidogo, akaendelea kumenya.

Siku ya kutoa ushahidi mama alivaa kitenge alichonunuliwa na bibi Krismasi ya mwisho. Chumba cha baraza kilikuwa kidogo. Upande mmoja walikaa baba mkubwa na wanaume wa ukoo, na nyuma yao wake zao, wanawake ambao mama alikuwa amelima nao na kuzika nao. Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye haraka, lakini hakuwa mkali. Mama alikula kiapo, akajibu maswali ya wakili wetu kama tulivyozoea jikoni, kwa sauti ndogo. Nilianza kupumua.

Kisha wakili wa upande wa pili akasimama.

"Mama, ulifika pale kama nani?"

Mama aliwatazama wale wanawake. Mmoja wao, mke wa baba mkubwa, alikuwa ameinamisha uso. Wakili akarudia swali.

"Niliolewa," mama akasema.

Wakili wetu aliweka kalamu chini.

"Uliolewa na nani?"

"Na mama. Marehemu."

Watu wakacheka nyuma. Mwenyekiti akawaamuru wanyamaze au watoke. Wakili wa upande wa pili hakutarajia jibu lile, na nadhani ndiyo maana alishusha sauti. "Kwa hiyo ulikuwa mke wa mwanamke."

"Nilikuwa mke wa nyumba yake. Ng'ombe walitolewa. Hawa wote walikula siku ile." Alinyoosha mkono kuelekea upande wa ukoo, polepole, bila kumwonyesha mtu kidole. "Baba mkubwa wa watoto ndiye aliyeswaga ng'ombe."

Baba mkubwa alitazama chini. Hakukataa. Hakuna aliyemtaka akatae, kwa sababu jibu la mama lilikuwa limemaliza kila kitu.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Wakili wetu alisema atajitahidi kwenye hoja za mwisho, akaaga upesi. Mimi nilimgeukia mama.

"Mama, kwa nini? Tulikubaliana."

Alikuwa anajifunga upya khanga kiunoni. "Nikisema nilikuwa mtumishi, nyie mnakuwa watoto wa nani?"

"Sheria haiulizi hivyo."

"Watu wanauliza." Akatembea mbele yangu, akaenda kununua ndizi za kula njiani.

Hukumu ilitolewa miezi kadhaa baadaye. Sikuweza kuhudhuria, nilikuwa kwenye mitihani. Mdogo wangu alinisomea kwa simu, na neno alilolitaja zaidi ya mara moja lilikuwa "mdaiwa", akiuliza ndiye mama? Nikamwambia ndiye. Baraza lilisema kwamba mdaiwa mwenyewe amekiri aliingia pale kwa uhusiano usiotambuliwa na sheria, kwa hiyo hana haki itokanayo na uhusiano huo. Aruhusiwe kuvuna mazao yaliyo shambani, kisha aondoke. Wakili alitaka tukate rufaa. Mama alisema amechoka kuchekwa.

Walihama nikiwa chuoni. Mdogo wangu aliniambia mke wa baba mkubwa alikuja kusaidia kufunga vyombo, na kwamba yeye na mama walifunga vyombo vyote, kisha wakalia wameshikana mlangoni. Mama hakutaka kurudi Kerende, ambako kaka zake walisema ng'ombe waliokwisha kuliwa hawarudishwi na yeye pia hivyo hivyo. Nikamkumbuka yule mama wa Kiikoma niliyepanga kwake Mugumu. Akampokea. Ndivyo mama alivyoanza upya akiwa mtu mzima, katika chumba kimoja, akilima bustani ya kukodi karibu na bwawa la Manchira, mboga na nyanya, akijifunza kusalimia watu kwa lugha ambayo hakuikulia.

Mdogo wangu aliacha shule kidato cha tatu. Alisema atarudi. Sasa ameolewa Sirari na ana mtoto.

Mimi nilimaliza. Mama alikuja kwenye mahafali, akakaa juani kwa utulivu, na jina letu liliposomwa, jina la mume wa bibi, alisimama peke yake katikati ya watu waliokaa. Picha tuliyopiga siku ile inamwonyesha kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwingine.

Mwaka huu nilikwenda Mugumu kukaa naye kidogo. Siku moja alasiri alikuja binti mmoja, mdogo sana, na mtoto mgongoni. Alimwamkia mama shikamoo, akaniamkia na mimi, akakaa ukingoni mwa kigoda. Alikuwa ameolewa nyumba ntobhu katika kijiji kimoja cha jirani. Mama mkwe wake, yule aliyemtolea ng'ombe, ameanza kuumwa miguu, na watoto wa shemeji wameanza kupita pita shambani wakihesabu miti. Alisikia mama ana mtoto aliyesoma sheria.

Nilimuuliza kama mama mkwe anampenda. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama bado anaweza kutembea mpaka ofisi ya kijiji. Akasema kwa bodaboda anaweza.

"Basi msisubiri," nikamwambia. "Nendeni wote wawili. Aseme mbele ya viongozi na mashahidi kwamba ardhi hii anakupa wewe, yeye akiwa mzima, kama zawadi. Iandikwe kwa jina lako. Baadaye muombe hati ya kimila. Habari za ndoa hamna haja ya kuzitaja. Mtu ana haki ya kumpa kitu chake amtakaye."

Nilirudia mpaka akaelewa. Alishukuru, akamfunga mtoto vizuri, akaondoka akikimbia kimbia kuwahi kabla ya mvua.

Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mchicha. Alichambua shina lile lile mara mbili, nami nilijua anachowaza nikajifanya sijui.

"Kumbe ni kitu kidogo hivyo," akasema.

"Ni kidogo, mama."

"Kwenda ofisini tu."

"Ndiyo."

"Na wakati bibi yako yuko hai, ulikuwa unakijua?"

"Sikukijua. Sheria ya ardhi tulifundishwa mwaka wa tatu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa ratiba ya basi lililokwisha kuondoka. Hakunilaumu, na sijui kama ningejisikia vizuri zaidi angenilaumu. Mvua ilianza. Alichukua ungo wa mchicha akaingia ndani, akaniambia nilete na kigoda kisilowane.